Gari la Picha

Ninakuandikia wewe unayekohoa huku umegeukia ukuta, ili watu wa nyumbani wasione kitambaa. Ninakujua, maana nimelala kwenye kitanda hicho. Sitakueleza ugonjwa wa kifua unatoka wapi. Hiyo ni kazi ya madaktari, nami ni fundi cherehani na mwalimu wa watoto wa Kurani hapa Katesh. Nitakueleza jinsi nilivyokaribia kufa kwa sababu ya kushuku watu, na jinsi nilivyomvuta mama wa watu pamoja nami. Namshukuru Mungu aliyenipa muda wa kuomba msamaha. Wengine hawakupewa.

Ilikuwa zamani za Mwingereza, miaka yake ya mwisho mwisho. Ugonjwa ulinianza wakati wa upepo, ule wa Katesh unaoshuka mlimani na kutia vumbi hata ndani ya sukari. Mji mzima ulikuwa unakohoa, kwa hiyo kikohozi changu kilipata mahali pa kujificha. Kisha mvua zikaja, vumbi likatulia, watu wakaacha kukohoa, mimi nikaendelea. Siku moja nilikuwa ninashona shuka la mteja, nikakohoa, na tone la damu likaanguka kwenye pindo. Nililikunja pindo mara mbili nikalishonea damu ndani. Mteja alipokuja alinisifu kwa pindo nene.

Tangu siku hiyo nikaanza kuwachunguza watu. Mke wangu, Mama Hadija, alikuwa anaosha kikombe changu kwa majivu, peke yake, mwisho wa vyombo vyote. Nikamwuliza kwa nini.

"Kina masizi," akasema.

Hakikuwa na masizi. Wazazi wawili waliwatoa watoto wao darasani kwangu, wakasema wanawahitaji kufukuza ndege kwenye mtama. Mtama ulikuwa umeshavunwa. Nilipokutana na watu njiani walinisalimia kwa mbali na kwa haraka, kama mtu anayepita kando ya mbwa asiyemjua. Na suruali yangu niliipunguza kiuno mara tatu kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilipanda lori la chumvi ya ziwa Balangida mpaka Mbulu, kupitia Dongobesh, nikakaa juu ya magunia siku nzima. Hospitalini nilisubiri kwenye benchi kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri. Kila mtu alipokohoa, wengine walisogea kidogo, hata sisi tuliokuja kwa ajili ya kukohoa. Mwisho dresa, yule msaidizi wa daktari, alinitoa damu kidogo ya kupima, akanipa kikopo chenye kifuniko akasema nitemee humo makohozi ya asubuhi, nimletee.

Dresa huyo aliitwa Bura, Mwiraqw wa rika langu, mtu wa maneno machache. Nilikitazama kile kikopo muda mrefu. Kwetu tulikuwa tumefundishwa tangu utoto kufukia mate ya mgonjwa, maana anayeshika mate yako amekushika wewe. Nikamwuliza anayapeleka wapi.

"Kwenye darubini," akasema.

"Halafu?"

"Halafu yanachomwa moto, mwalimu. Ulitaka nikurudishie?"

Watu wa kwenye benchi wakacheka. Mimi nikaandika jambo hilo moyoni.

Wodi ya kifua ilikuwa pembeni, madirisha wazi siku zote, na baridi ya Mbulu ikiingia na kutoka kama mwenye nyumba. Wanaume upande huu, wanawake upande ule, ukumbi mmoja mbele. Kila asubuhi tulijipanga ukumbini kwa sindano. Baada ya sindano kulikuwa na unga mchungu wa kunywa kwa maji, mwingi, unaorudi kooni mpaka jioni. Kufikia sindano ya ishirini masikio yangu yalilia ndani kama yamejaa nyenje. Ngozi ya makalio ilikuwa ngumu, nikawa ninalala kifudifudi, na hata kusujudu nilisujudu kwa shida. Nilijiambia: wanachukua damu, wanachukua mate, sasa wanachukua na masikio.

Jirani yangu wa kitanda alikuwa mzee Gidamis, mfugaji kutoka tambarare za Hanang, chini ya Nangwa. Hakuwa Mwislamu wala Mkristo. Alinisikiliza nikisoma Kurani kwa heshima, kisha akaniuliza kama kuna sura yoyote ya ng'ombe. Nikamwambia ipo, tena ndiyo ndefu kuliko zote. Tangu hapo akanipenda. Aliwahi kupeleka mifugo Arusha kuuza, na huko aliingia sinema mara tatu. Hizo mara tatu zilimtosha kwa mazungumzo ya mwaka.

Nilipokuwa kwenye sindano ya thelathini na kitu, gari la serikali lilikuja na injini yake ya umeme na shuka kubwa jeupe. Tukaambiwa ni gari la picha, limekuja kutufurahisha. Walifunika madirisha yetu kwa mablanketi yetu wenyewe, mchana kweupe, ili chumba kiwe giza. Wanawake waliletwa wakakaa upande mmoja. Mimi sikupenda sinema, lakini kitanda changu kilikuwa humo humo, ningekwenda wapi?

Kwanza walionyesha picha ya mafunzo. Mtu mwembamba anakohoa sokoni, watu wanamkimbia. Kisha kifua chake kikatokea juu ya shuka, kikubwa kama mlango wa boma, mbavu zote zinahesabika. Baadhi ya wagonjwa walicheka. Mimi nilijiuliza: huyu mtu ana mama yake mahali fulani. Ana wakwe. Nani alimwomba ruhusa?

Halafu wakaweka hadithi. Mpanda farasi mwenye kofia pana amekabidhiwa ng'ombe na mzee mmoja awavushe mto. Wezi wanamvizia, wanampiga mbele ya mji mzima, wanamtupa kwenye matope, ng'ombe wanakwenda.

"Huyo ndiye steringi," Gidamis akaninong'oneza. "Steringi hafi."

"Kufa ni amri ya Mungu, mzee."

"Basi Mungu naye anampenda steringi. Nyamaza tuone."

Mtu mwenye kipaza sauti alikuwa anatutafsiria. Mwizi mkubwa alisema maneno mengi sana, mdomo unakwenda kama cherehani, na yule mtu akasema, "Anasema: toka hapa." Nikajua anatunga. Nikamtazama yeye badala ya shuka, nimkamate vizuri.

Tulitarajia steringi atarudi na bunduki. Alirudi mchana, mikono mitupu, matope yamemkaukia mwilini, akapita katikati ya watu wale wale waliomcheka, mpaka kwa mzee mwenye ng'ombe. Akavua kofia akainama. "Anasema: nimewapoteza," akasema mtu wa kipaza sauti. Hapo injini ikakohoa, ikazima, na shuka likabaki jeupe.

Gidamis alisimama juu ya kitanda. "Na ng'ombe je? Aliwapata ng'ombe?"

"Mtaona siku nyingine," wakasema, wakaanza kukunja.

"Siku nyingine mimi nitakuwa nimekufa!" Akakaa chini akitikisa kichwa. "Mwalimu, mimi ningehamia Singida. Kupoteza ng'ombe wa mtu, halafu urudi kwake kwa miguu yako? Yule ni mwanamume."

"Ni mjinga," nikasema. "Au amelipwa."

Wiki chache baadaye, kwenye mstari wa sindano, Bura alitangaza, "Jumatano gari la picha linakuja."

Watu wakapiga makofi. Gidamis akasema, "Tutawaona ng'ombe!"

"Safari hii mtapigwa nyinyi," Bura akasema. "Wagonjwa wote wa kifua. Unavua nguo ya juu, unasimama, dakika moja, basi."

Msomaji wangu, wewe wa leo unajua kwamba kuna picha na picha. Hospitali haikuwa na mashine ya kupiga kifua siku zile, ililetwa kwa gari kutoka Arusha, gari kubwa lenye injini yake. Lakini sisi gari la picha tulilijua moja tu. Neno lilikuwa lile lile, injini ile ile, serikali ile ile. Nikamwona yule mtu mwembamba juu ya shuka. Nikajiona mimi, kifua wazi, mbele ya soko la Katesh, na wazazi wa wanafunzi wangu wakihesabu mbavu.

"Picha za vifua vyetu mtazipeleka wapi?" nikauliza.

"Arusha. Huko kuna wanaojua kuzisoma."

"Kisha zitaonyeshwa kwa nani?"

"Kwa wanaohusika."

"Wanaohusika ni akina nani?"

"Mwalimu, leta tako, wenzako wanasubiri."

Ukumbi mzima ukacheka, wanawake pia. Damu ikanipanda kichwani. Nikageuka nikasema kwa sauti ninayofundishia watoto: "Msikubali! Wamechukua damu yetu, wamechukua mate yetu, sasa wanataka vifua vyetu wakatuonyeshe masokoni kama yule mtu wa juzi! Huyu Bura ni mumiani, anatuuza vipande vipande!"

Mumiani, mnyonya damu za watu. Katika miaka ile hapakuwa na neno baya zaidi la kumwita mtu wa hospitali. Kicheko kilikatika. Bura alisimama na sindano mkononi, kisha akamwita anayefuata.

Mchana ule alinijia mama mmoja wa upande wa wanawake, Paskalina, Mwiraqw wa kijiji cha Daudi. Alikuwa amemwacha mtoto mchanga kwa mama mkwe wake.

"Mwalimu, ni kweli uliyosema?"

"Ni kweli, mama."

"Wewe unasoma kitabu cha Mungu. Huwezi kudanganya."

"Siwezi," nikasema.

Akafunga kifurushi chake, akaondoka siku ile ile. Mimi niliondoka asubuhi yake, kwa lori la chumvi lililokuwa linarudi tupu. Gidamis alikataa kunifuata. Alisema yeye yuko tayari kuonyeshwa hata Ulaya, mradi awaone wale ng'ombe.

Mama Hadija alinikuta kizingitini. "Umepona?"

"Wameniruhusu."

"Karatasi ya ruhusa iko wapi?"

Sikuwa na karatasi. Nikaanza kumweleza: kikopo, damu, gari, shuka. Nikamsimulia na hadithi ya mpanda farasi, aone jinsi wanavyofedhehesha watu. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anakanda unga wa maandazi. Maandazi yale watu walikuwa wameacha kuyanunua kwa sababu yangu. Alikuwa anayakaanga machache tu, anakula na mwanangu.

"Kwa hiyo yule mtu alipigwa mbele ya watu," akasema.

"Ndiyo."

"Akarudi mbele ya watu wale wale."

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa unamdharau alipokuwa kwenye matope, au aliporudi?"

Nilimshuku hata yeye. Nilidhani anataka nirudi Mbulu ili apumue.

"Baba Hadija," akasema, naye haachi kukanda, "mimi kikombe chako ninakiosha kwa majivu. Nilikudanganya kuhusu masizi. Niliogopa kwa ajili ya mtoto, na niliogopa ukijua utaumia. Sasa umeshajua. Ukiniuliza lingine lolote nitakujibu. Lakini ukifia hapa kwa ajili ya kuficha mbavu, sitakusamehe."

Nilikaa nyumbani wiki tano. Baridi ya mwezi wa saba ilipokaza, nilikohoa damu mpaka beseni likabadilika rangi. Nilipokuwa nimelala baada ya hapo, mwepesi kama ganda la hindi, nilijaribu kuwashuku watu nikashindwa, sikuwa na nguvu za kutosha. Utashangaa, msomaji: kushuku kunataka afya. Ndipo nikaona wazi kwamba katika wote niliowaandika moyoni, aliyesema uongo mbele ya watu nilikuwa mimi. Nilimwambia Paskalina "siwezi kudanganya" juu ya jambo nisilolijua. Niliswali kwa kulala, nikamwomba Mungu anifikishe Mbulu tu. Mengine yatakuwa yake.

Lori la chumvi lilinifikisha Mbulu, nikaingia ukumbini saa ya sindano. Wote walikuwepo. Bura aliita majina mpaka la mwisho, hakunitazama.

"Unataka nini, mwalimu?"

"Nimekuja kusema neno."

"Kasemee kwa daktari."

"Nilikutukana hapa. Nitasema hapa."

Akanikazia macho. "Nani amekutuma?" Naye sasa alikuwa ananishuku, na alikuwa na haki.

"Hakuna. Nilisema wewe ni mumiani. Nilisema kitu nisichokijua. Nilikuwa ninaona aibu, nikaigeuza ikawa shutuma. Mnisamehe, na wewe, Bwana Bura, kwanza."

Gidamis akauliza kutoka kwenye benchi: "Shuka limezima au hadithi imekwisha?"

Nikasema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa basi, unatetemeka kama ndama."

Bura hakusema amenisamehe. Alisema, "Sindano zako zinaanza upya. Moja." Na akanichoma pole pole kuliko siku zote. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba hilo lilikuwa jibu.

Nikamwuliza habari za Paskalina. Akaniambia amekwenda Daudi mara mbili kumfuata. Mara ya kwanza Paskalina alijificha kwenye mahindi. Mara ya pili alimtuma mama mkwe aseme maneno mawili tu: "Mwalimu alisema."

Maneno hayo yaliniuma kuliko sindano zote nilizochomwa. Nilimwandikia barua. Ikarudi na jibu la mdomo: karatasi inaweza kuandikwa na mtu yeyote. Nilitaka kwenda mwenyewe, daktari akakataa, hata ngazi za ukumbini zilikuwa zinanishinda. Nikabaki ninahesabu sindano kwa hesabu mbili, moja yangu na moja ya Paskalina, ya zile asizochomwa. Mahindi yalivunwa. Vuli ikaanza. Mwili ukarudi kidogo, kwanza kwenye mikono, kisha usoni. Siku niliyomaliza uji wote, Gidamis aliwatangazia watu wa wodi.

Gari la picha la Arusha likarudi. Nilivua shati nikasimama kifua kwenye bamba la chuma, baridi kama jiwe la mtoni. Dakika moja, kama Bura alivyosema. Wiki kadhaa baadaye picha ikaja ndani ya bahasha kubwa. Daktari aliishika kwenye mwanga wa dirisha, akanionyesha mimi na Bura, akairudisha kwenye bahasha. Basi. Wanaohusika tulikuwa watu watatu.

"Bwana Bura," nikasema tulipotoka, "niazime hiyo picha niende nayo Daudi."

"Ukafanye nini?"

"Nikamwonyeshe."

Akaitia bahasha kwapani. "Picha ni ya hospitali. Haitembei bila mimi."

Kesho yake, kwa ruhusa ya daktari, tulipanda lori linalokwenda kuchukua maharage, likatushusha njia panda, tukamaliza kwa miguu, tukipumzika kila baada ya shamba. Mara moja alinipa maji kutoka kwenye chupa yake, akanywa baada yangu bila kuifuta.

Paskalina alikuwa amekaa uani, amejifunika blanketi juani. Macho yalikuwa yameingia ndani. Alipotuona alitaka kuinuka, miguu ikakataa. Mama mkwe wake akasimama mbele yake, mtoto mgongoni.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Mmeleta gari?"

"Tumekuja kwa miguu."

"Wewe ndiye mwalimu?"

"Ndimi. Nilimdanganya binti yako. Nilisema jambo nisilolijua."

Paskalina akasema kutoka nyuma, sauti imekauka: "Wewe ulisema huwezi kudanganya."

"Nilisema. Huo nao ulikuwa uongo."

"Na leo je? Nitajuaje?"

Majirani walikuwa wameshaanza kukusanyika, kama wanavyokusanyika kwa kila mgeni, wanawake na majembe yao, wazee wawili, vijana wa kutoka malishoni. Nilimwomba Bura bahasha. Nikaitoa ile picha, nyeusi na inayong'aa, nikainyanyua kwenye jua juu ya kichwa changu, watu wote waone. "Hiki ni kifua changu," nikasema. "Mimi ni mwalimu kutoka Katesh. Nina ugonjwa wa kifua. Hakuna mtu amenionyesha sokoni. Ninajionyesha mwenyewe, hapa, kwenu."

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alivua kofia akasogea kutazama, kama anayetazama ng'ombe wa kununua.

"Leteni karibu," Paskalina akasema.

Nikapiga magoti mbele yake, nikaishika dhidi ya jua. Alipitisha kidole bila kuigusa.

"Hapa penye ukungu ni nini?"

"Ndipo ugonjwa ulipo," Bura akasema. "Bila sindano pangekuwa pabaya zaidi."

"Na hiki?"

"Moyo wake."

"Mdogo," akasema Paskalina.

Hapo watu wakacheka, na mimi nikacheka mpaka nikakohoa, na nilipokohoa wote waliona, na sikugeukia ukuta wala mti.

"Wangu mtamwonyesha nani?"

"Wewe," Bura akasema. "Na daktari. Na mimi, maana ndimi nitakayebeba bahasha."

"Na huyu mwalimu?"

"Ukitaka tu."

"Sitaki," akasema.

Alimwita mama mkwe, akamtazama mtoto usoni, hakumgusa, akazungumza na mama mkwe Kiiraqw maneno ambayo sikuyaelewa. Kisha akajifunga khanga kifuani akashika bega la Bura, akasimama.

"Tangulieni," akasema. "Mimi nitafuata nyuma ninapoweza kuwaona wote wawili."

Tukatangulia. Alikuja nyuma yetu, amemshika mama mkwe mkono, hatua kumi hivi, na kila tulipopumzika naye alisimama, hakutusogelea. Mpaka njia panda hakuziba nafasi ile. Lakini lori lilipokuja, alipanda kwanza.